Kitisho, Shaka na Hukumu: Hadithi Fupi za Stephen King kwa Jicho la Msomaji wa Magarini

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipita hadithi ya kutisha kama mtu apitavyo mbuyu unaosemwa kuwa na pepo: kwa haraka na bila kugeuka nyuma. Riwaya ya upelelezi imekwisha kupewa nafasi yake. Kazi za Muhammed Said Abdulla zimehakikiwa kwa mapana, na waandishi kama Faraj Katalambulla, Eddie Ganzel na Hammie Rajab hutajwa mara kwa mara katika mijadala kuhusu fasihi pendwa. Hadithi ambayo lengo lake la kwanza ni kumtia msomaji hofu haijapata bahati hiyo, na ni vigumu kumtaja mwandishi mmoja wa Kiswahili ambaye jina lake limekuwa sawa na utanzu huo. Hata hivyo hadithi za aina hii husomwa. Husomwa aghalabu kwa Kiingereza, katika vitabu vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara za miji, na jina la Mmarekani Stephen King haliwi mbali.

Makala haya yanachunguza kwa nini wasomaji wa hadithi fupi za King hawakubaliani juu ya thamani yake. Hoja inayojengwa ni kwamba mgawanyiko huo hautokani na ladha peke yake. Unatokana pia na namna hadithi inavyomalizika: kama inamwacha msomaji na shaka, au kama inampa hukumu. Tofauti hiyo huweza kuonekana ndogo panapojadiliwa fani tu. Ili uzito wake uonekane, hadithi tatu za King zinasomwa hapa kwa jicho la msomaji wa Magarini, eneo la Kaunti ya Kilifi lililo kaskazini mwa Malindi, lenye miji na vijiji kama Mambrui, Gongoni na Marafa. Katika pwani hiyo swali la nani mchawi halijawahi kuwa la kubuni. Limewagharimu wazee maisha yao.

2.0 Mgawanyiko wa Wasomaji

King alifahamika kwa riwaya yake Carrie (1974), lakini hadithi fupi hakuziacha. Mkusanyiko wa kwanza, Night Shift, ulitoka mwaka 1978. Ulifuatwa na Skeleton Crew (1985), Nightmares & Dreamscapes (1993), Everything's Eventual (2002) na mingine, hadi You Like It Darker (2024). Maoni ya wasomaji juu ya mikusanyiko hii yanaweza kuwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linazikataa hadithi hizi kabisa. Mwaka 2003, King alipotunukiwa nchini Marekani nishani ya Wakfu wa Taifa wa Vitabu kwa mchango wake katika fasihi, mhakiki Harold Bloom alipinga hadharani, akimhesabu miongoni mwa watungaji wa vijitabu rahisi vya kusisimua. Msimamo huo una ndugu yake Afrika Mashariki. Wahakiki wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waliipima fasihi kwa mchango wake katika ukombozi wa mnyonge, na kwa kipimo hicho hadithi ya kutisha ilionekana kuwa kasumba: inamshughulisha msomaji na mizimwi isiyokuwapo ili asiwaone wanyonyaji waliopo. Bloom na wahakiki hao wangetofautiana karibu katika kila jambo, lakini katika hili wanakutana.

Kundi la pili linazipenda hadithi fupi za King kuliko riwaya zake. Wasomaji wa kundi hili husema kwamba katika riwaya King hupenda kueleza mno, na kila kinachoelezwa hupungua kutisha. Hadithi fupi humnyima nafasi ya maelezo, na hofu hubaki mbichi.

Kundi la tatu linalalamika kwa sababu hiyo hiyo inayowafurahisha wa kundi la pili: hadithi hazikamiliki, msomaji anaachwa njiani. Mfano unaofaa ni “Children of the Corn”, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1977 na kuingizwa katika Night Shift. Mume na mke wenye ugomvi wanasafiri kwa gari katika jimbo la Nebraska na kuingia katika mji ambao watoto wake waliwaua watu wazima wote miaka mingi nyuma, mahindi yalipokuwa yanakufa mashambani. Watoto hao wanaamini kwamba kitu fulani kinatembea katikati ya mistari ya mahindi na kudai damu. Mume na mke wanauawa. Kisha umri wa kutolewa kafara unashushwa kutoka miaka 19 hadi 18, na vijana wenye umri huo wanaingia shambani kwa miguu yao. Msichana mmoja mjamzito anatamani moyoni kuyachoma mahindi yale, lakini hathubutu hata kuliacha wazo hilo likae akilini, kwa kuwa anaamini kwamba kinachotembea humo kinasikia. Hadithi inaishia hapo. Filamu ya mwaka 1984 ilibadili mwisho huo na kuwaokoa wahusika hao wawili.

Msomaji wa kundi la kwanza atasema kwamba jambo kama hilo halitokei. Msomaji wa Kilifi hana tena uhuru wa kusema hivyo. Katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioelezwa kuwa walikufa kwa mfungo waliouamini kuwa njia ya kumwona Mungu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Hadithi ya King haikutabiri jambo hilo wala hailielezi. Lakini yule msichana asiyethubutu kufikiri ni mhusika aliyechorwa kwa ukweli ambao hoja ya kasumba haiwezi kuuona. Imani ya namna hiyo hushika watu kwa kuwafanya waogope mawazo yao wenyewe, na hadithi inalionyesha hilo kwa aya chache.

King mwenyewe ana kipimo chake. Katika Danse Macabre (1981) anataja ngazi tatu za utanzu huu: ya juu ni hofu ya kisichoonekana, ya kati ni kitisho cha kinachoonekana, na ya chini ni kinyaa. Anakiri kwamba hupenda kuanza na ya juu, na inaposhindikana hushuka, hadi ya chini kabisa bila kuona haya. Ungamo hilo linaeleza sehemu ya mgawanyiko wa wasomaji, kwa kuwa hadithi zake nyingi zimelala ngazi ya tatu, na wanaozikataa hizo hawakosei. Ngazi hizo, hata hivyo, hupima kiasi cha hofu tu. Hazisemi hofu hiyo inaelekezwa kwa nani.

3.0 “Gramma”: Hofu Inayopewa Ushahidi

Swali hilo la mwelekeo linajitokeza wazi katika “Gramma”, hadithi ya mwaka 1984 inayopatikana katika Skeleton Crew. Mvulana wa miaka 11, George, anaachwa nyumbani peke yake na bibi yake mgonjwa, mnene, asiyetoka kitandani. Mama yake amelazimika kwenda hospitali kwa sababu ndugu wa George amevunjika mguu. Nusu ya kwanza ya hadithi haina jini wala shetani. Ina mtoto, saa inayokwenda polepole, na mlango wa chumba cha mgonjwa. George anakumbuka jinsi alivyoogopa kukumbatiwa na bibi alipokuwa mdogo. Anaogopa harufu ya uzee, anaogopa sauti ya pumzi, na anaogopa zaidi pumzi hiyo inapokatika. Wasomaji wengi, hata wasiompenda King, wanaweza kuikubali nusu hii, kwa kuwa hofu iliyomo ni ya kila mtu: hofu ya kuuona mwili wa mwanadamu unavyochakaa.

Nusu ya pili inageuka. George anaziunganisha habari alizozisikia kwa kuvizia mazungumzo ya wakubwa: bibi aliwahi kufukuzwa kanisani na kazini kwa sababu ya vitabu fulani, na watoto wake aliwapata baada ya kuvitumia vitabu hivyo. Bibi anakufa, kisha anainuka, na mwisho roho yake inaumiliki mwili wa mjukuu. Msomaji aliyetaka mwisho kamili anaupata, wala hana la kuuliza.

Hapa ndipo jicho la Magarini linapobadili usomaji. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, ambao Wagiriama huuita utsai. Dalili zinazotajwa ni za uzee wenyewe: mvi, kuishi peke yake, kuishi muda mrefu kuliko wenzake. Imeripotiwa kwamba wapo wazee waliopaka nywele zao rangi nyeusi ili wasionekane wana mvi. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, ambako wazee waliotuhumiwa hupewa hifadhi. Nyuma ya tuhuma mara nyingi huonekana mzozo wa ardhi na urithi. Katika Magarini suala la ardhi lina historia ndefu, ikiwa ni pamoja na mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia kuanzia miaka ya 1970, ambao kushindwa kwake kulichambuliwa na Porter, Allen na Thompson (1991). Mzee anayeshikilia shamba huwa kizuizi kwa vijana wanaolisubiri. Neno moja linatosha kumwondoa.

Kwa msomaji anayeyajua haya, “Gramma” inatisha kwa namna ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Mpangilio wa vitushi vyake ni mpangilio wa tuhuma. Kwanza kuna mtu mzee mwenye mwili unaochukiza. Kisha kuna minong'ono ya jamaa, misiba ya zamani inayokumbukwa upya, na kifungu cha habari hapa na pale. Mwisho minong'ono hiyo yote inapata maana moja: alikuwa mchawi. Hadithi imeichukua hofu ya uzee, ambayo ni ya kweli, na kuipa ushahidi ambao katika maisha haupatikani. Mtoto alikuwa na haki ya kumwogopa bibi yake.

Isieleweke kwamba makala haya yanadai kuwa hadithi huua. Anayemvamia mzee usiku hakutumwa na kitabu cha Kiingereza. Dai hapa ni dogo zaidi. Hadithi humzoesha msomaji njia fulani ya kuunganisha mambo, na msomaji anayeridhika na mwisho wa “Gramma” ameridhika kwa muda na njia ile ile ambayo kijiji huitumia kumfikia mzee wake.

4.0 Mtu wa Suti Nyeusi na Mzee wa Salem

Hadithi ya tatu inakwenda njia nyingine. “The Man in the Black Suit” ilichapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 1994, ikapata tuzo ya kwanza ya O. Henry mwaka 1996, na baadaye ikaingizwa katika Everything's Eventual. Msimulizi ni mzee mwenye umri wa miaka 90 na kitu, anayeishi katika nyumba ya wazee. Anakumbuka siku moja ya mwaka 1914 alipokuwa mvulana wa miaka tisa, akavua samaki kwenye kijito ndani ya msitu. Kaka yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa kuumwa na nyuki. Mvulana anasinzia kando ya maji; anapozinduka nyuki yuko puani mwake, na nyuma yake amesimama mtu wa suti nyeusi mwenye macho ya moto na harufu ya viberiti vilivyoungua. Mtu huyo anamwambia kwamba mama yake amekufa, na kwamba yeye mwenyewe ataliwa. Mvulana anamtupia samaki mkubwa aliyemvua, kisha anakimbia. Anamkuta baba yake njiani. Nyumbani, mama yu hai.

Maoni juu ya hadithi hii yaligawanyika tangu kwa mwandishi. Katika maelezo yanayoiandama King anakiri kwamba yeye aliiona kuwa ngano ya kawaida tu, na tuzo zilimshangaza. Wapo wasomaji wanaokubaliana naye, kwa kuwa hakuna kikubwa kinachotokea: mtoto alitishwa, akakimbia, akaokoka. Je, alimwona shetani, au aliota huku amesinzia, akiwa bado na msiba wa kaka yake moyoni? Hadithi inaziacha njia zote mbili wazi. Tzvetan Todorov (1970) aliuita msitasito huo, baina ya maelezo ya kimaumbile na yale ya kimiujiza, kuwa kiini hasa cha fantasia.

Lakini msitasito huo una faida nyingine, inayoonekana hadithi ya King inapowekwa kando ya ile aliyokusudia kuienzi: “Young Goodman Brown” ya Nathaniel Hawthorne (1835). Hawthorne alizaliwa Salem, na babu wa ukoo wake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu walioziendesha kesi za uchawi za mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa. Katika hadithi yake kijana anaingia msituni usiku na kuwaona majirani zake wema wakiwa katika kusanyiko la shetani. Miongoni mwao ni mama mzee aliyemfundisha dini, Goody Cloyse, ambaye jina lake ni la mwanamke aliyetuhumiwa kweli huko Salem na kufungwa. Asubuhi kijana anarudi kijijini. Msimulizi anauliza kama huenda alilala na kuota tu, wala hajibu. Brown hasubiri jibu. Anawahukumu wote moyoni mwake, na anaishi maisha yake yote akimshuku kila mtu, mkewe akiwemo, hadi kufa.

Ubora wa hadithi zote mbili uko hapo. Hawthorne anamwachia msomaji shaka na kumpa mhusika wake hukumu, ili msomaji auone umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. King anafanya jambo la unyenyekevu zaidi. Mvulana wake, ambaye angeweza kurudi kijijini na jina la mtu, anarudi na hofu tu. Mtu wa suti nyeusi hana uso wa jirani. Hakuna bibi anayelaumiwa kwa kifo cha kaka, ingawa kifo chenyewe, cha mtoto kwa nyuki mmoja, ni kifo cha aina ile ile ambayo mahali pengi humtafutia mtu wa kubebeshwa. Na anayesimulia ni mzee mwenyewe, mpweke, karibu na kaburi. Katika “Gramma” mzee ndiye chanzo cha hofu. Katika hadithi hii mzee ndiye mwenye kuogopa.

5.0 Nyari: Ngano Moja, Miisho Miwili

Msomaji wa Magarini hahitaji kwenda Maine ili kuyaona haya. Huko Marafa kuna korongo kubwa la mchanga mgumu, lenye kuta nyeupe na nyekundu, liitwalo Nyari. Ngano inayosimuliwa juu ya asili yake ni hadithi fupi ya kutisha kwa kila kigezo. Palikuwa na familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi kiasi cha kuoga maziwa. Mungu akaichukia israfu hiyo, ardhi ikafunguka, familia ikazama. Weupe wa kuta ni maziwa, na wekundu ni damu yao.

Kuna masimulizi mengine. Katika hayo wanakijiji walionywa kwamba jambo kubwa litatokea, wakahama wote isipokuwa mwanamke mmoja mzee ambaye hakuamini. Ardhi ikakimeza kijiji pamoja naye.

Masimulizi hayo mawili yanalindwa na ushahidi mmoja, yaani korongo lenyewe, ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kuliona. Hofu ni ile ile, na ngazi ya King ni ile ile. Lakini katika ya kwanza hofu inaelekezwa kwa mwenye nguvu aliyefuja chakula cha wote, na katika ya pili inamwangukia mzee aliyebaki peke yake. Mhakiki wa miaka ya 1970 angeipenda ya kwanza bila kusita, na hapo kipimo chake cha zamani kinapata uhai mpya: swali la hofu inamlenga nani ni swali la kitabaka pia. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hadithi ya kutisha ina jibu moja tu.

6.0 Bwana Msa na Pingamizi la Akili

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba shaka haitoshi. Hadithi inayoacha mlango wazi kwa shetani inawaachia wanaoamini imani yao, na jamii inayoua wazee inahitaji hadithi inayoufunga mlango huo kabisa. Kwa hoja hii mfano bora ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Katika riwaya hiyo ya Muhammed Said Abdulla, mauaji yanahusishwa na mahali pa mizimu, na hofu ya watu inaelekea huko. Bwana Msa, na kiko chake, anakataa kuifuata. Anaulizia, anapima, analinganisha, na mwisho mkono uliotenda unaonekana kuwa wa binadamu. Mwandishi yuyo huyo aliiita riwaya yake ya mwaka 1968 Kisima cha Giningi, akilitumia jina ambalo katika masimulizi ya Unguja na Pemba ni makao ya wachawi.

Pingamizi hilo lina nguvu, na hakuna haja ya kulikwepa. Hata hivyo linathibitisha hoja ya makala haya kuliko kuipinga. Bwana Msa anafika kwenye hukumu, lakini anafika baada ya kupita katika shaka, na kila anayetuhumiwa njiani anapewa haki ya kuchunguzwa. Sheria inakwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, haikuishia kumwadhibu anayejidai kuwa na uchawi. Ilimtia hatiani pia anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Na mahakamani shaka ni mali ya mshtakiwa. Hadithi ya upelelezi na hadithi ya kutisha iliyo bora ni ndugu, kwa kuwa zote mbili hukataa kulipokea jina la mkosaji kutoka kwa minong'ono. Tofauti ni kwamba moja ina jibu la kutoa mwishoni, na nyingine inakiri kwamba haina.

7.0 Hitimisho

Wasomaji wa hadithi fupi za King wataendelea kutofautiana. Anayetaka mwisho uliofungwa ataipenda “Gramma” na kuiona “The Man in the Black Suit” kuwa haijaiva. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Ukamilifu wa “Gramma” umenunuliwa kwa bei ya mwanamke mzee kuthibitika kuwa vile alivyodhaniwa. Upungufu wa ile nyingine ni kukataa kwake kumlaumu yeyote.

Kwa mwandishi wa Kiswahili atakayeuchukua utanzu huu, na haja ya kuuchukua ipo, pwani ya Magarini ina malighafi ambayo King hakuwa nayo: makaya, vigango, misitu, korongo la Nyari, na hofu ambayo haijawa mchezo. Ina pia wajibu ambao King hakubebeshwa. Mwandishi huyo ataandika akijua kwamba msomaji wake huenda ana babu mwenye mvi, anayelala katika nyumba ya mwisho wa shamba, na ambaye jina lake limekwisha kutajwa mara moja mbili katika kikao cha jamaa. Kitisho kitakachomfaa msomaji huyo ni kile kitakachomfanya, afungapo kitabu, amwogopee babu yake badala ya kumwogopa.